Leokadia Kokugonza, Mwalimu Aliyejifunza Kuondoka wa Kwanza

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Leokadia Kokugonza anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili chuoni kwetu hapa Guangzhou kwa miaka kumi na tisa. Mkataba wake ulitaja vipindi kumi na vinne kwa wiki. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba mkataba huo haukuwahi kuheshimiwa na mtu yeyote, na wa kwanza kuuvunja alikuwa yeye mwenyewe. Jarida la idara limeniomba mimi, Khatib Faki, niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu imepakana na yake, na kwa sababu, nilivyoambiwa, Mpemba hawezi kumsifu Mhaya kupita kiasi. Nitajitahidi, ingawa mtaona nilipoteleza.

Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, katika nyumba ya walimu wawili, jambo linaloeleza kwa nini mpaka leo hawezi kuona ubao mchafu akapita. Alifundisha sekondari ya wasichana Morogoro, akarudi masomoni kuchukua shahada ya pili ya isimu, na mwaka 2006 akakubali kuja huku kwa mkataba wa miaka miwili. Alikuja na sanduku moja la vitabu na jingine la vyombo vya jikoni, kwa kuwa mtu fulani Bukoba alimhakikishia kwamba Wachina hawana mwiko. Uwanja wa ndege wakamuuliza kile kibao kirefu ni silaha ya aina gani. Lugha ya kuelezea hakuwa nayo, basi akasimama katikati ya foleni akasonga ugali hewani, kwa mikono miwili, mpaka ukaiva. Maofisa wakampisha. Mwiko ule bado uko jikoni kwake, na miaka miwili ile, kama mnavyoona, ilirefuka.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja, nalo ni salamu. Mwanafunzi wa hapa hupenda kwenda moja kwa moja kwenye hoja. Mwalimu alimrudisha mlangoni aanze upya. Kuna kijana mmoja ambaye hakuwa amesoma kabisa. Aliingia kwenye mtihani wa mazungumzo akaamkia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za shamba, za migomba na za jirani wa hilo shamba, mpaka muda ukaisha mtihani haujaanza. Sisi watahini wengine tulitaka kumpa sifuri. Mwalimu Leokadia alimpa alama zote, akasema kijana huyo akitua Tanzania hatalala njaa. Sasa hivi anafanya kazi Dodoma, na nasikia amenenepa.

Ameandika vitabu viwili vya kiada na amesimamia kamusi moja. Lakini sifa itakayobaki na jina lake hapa haiko katika vitabu. Ni habari ya wasaidizi, kazi zao na saa zao, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri, maana wengi mmeisikia nusu nusu kwenye lifti.

Idara ilipofungua masomo ya uzamili na uzamivu, vijana wetu wa Afrika Mashariki wakaanza kuja kwa ufadhili. Pamoja na masomo yao, waliajiriwa kuwa wasaidizi wa walimu: kusahihisha mazoezi, kuongoza wanafunzi katika mazungumzo, kurekodi sauti kwa ajili ya kamusi. Kanuni ni kwamba msaidizi afanye kazi saa kumi na mbili kwa wiki, na muda unaobaki ni wa utafiti wake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijana hawa jembe walilikuta uwanja wa ndege.

Kila mwenye shida mjini aliamini kwamba mwanafunzi hana la kufanya. Emmanueli wa Mwanza, mfanyabiashara anayenunua nguo za jumla kwenye soko la Shahe, alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwa Chacha, msaidizi wetu kutoka Tarime: “Chacha mdogo wangu, fanya uje Shahe fasta, huyu laoban ananizingua kwenye bei, simwelewi wala hanielewi.” Laoban ni mwenye duka, na kila mwenye duka Shahe alikuwa haeleweki. Chacha aliacha sura ya pili ya tasnifu yake wazi kwenye kompyuta, akapanda metro.

Na humu ndani nako kulikuwa na kundi letu la WeChat. Kundi lina desturi yake: mkubwa akiandika jambo, kila mmoja hujibu “shoudao”, yaani ujumbe umefika, nimepokea. Siku moja Profesa Huang, mkuu wa idara, aliandika kwamba kuna mgeni anatua uwanja wa ndege wa Baiyun, mtu mmoja akampokee. Wasaidizi wote sita wakaandika shoudao. Hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyekwepa, kwa hiyo wote sita wakaenda. Mgeni alikuwa profesa mstaafu kutoka Eldoret, na mzigo wake ulikuwa begi moja la mgongoni. Alipoona watu sita wamejipanga, akadhani amefanywa balozi, akahutubia pale pale mlangoni.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha, na tulicheka. Aliyekuwa hacheki ni Dainess Mligo wa Njombe. Dainess alikuwa mwaka wa mwisho wa uzamivu, anatafiti lugha ya mapatano ya bei kwenye masoko ya vitambaa ya Kangle, na rasimu ya tasnifu yake ilitakiwa mwisho wa Mei mwaka jana. Asipoiwasilisha, ufadhili unakatika, na anarudi nyumbani mikono mitupu. Tena nyumbani si mahali pa kurudi hivyo. Kanisa lilikuwa limemfanyia ibada ya kumuaga, na mama yake, mwanakwaya wa sauti ya pili, alikuwa ameshaanza kuitwa Mama Dokta, hata na mchungaji. Kufikia Machi, mtoto wa Mama Dokta alikuwa na utangulizi, marejeleo na ukurasa wa shukrani. Katikati hapakuwa na kitu.

Ungedhani kuna mtu mbaya aliyemnyima muda. Hakuwepo. Ilikuwa adabu tu.

Wasaidizi sita, Mwalimu Leokadia na mimi tulikaa chumba kimoja cha ghorofa ya sita, na saa za ofisi huisha saa kumi na moja na nusu jioni. Sasa, Mwalimu amelelewa Kamachumu. Mwenyeji haondoki akawaacha wageni wameketi. Hukaa nao mpaka wainuke, kisha huwasindikiza. Wasaidizi nao wamelelewa kwamba mdogo hainuki mkubwa akiwa angali ameketi, na walipofika hapa wakakuta Wachina nao wanasema vivyo hivyo, kwamba mwanafunzi haondoki kabla ya mwalimu wake. Basi Mwalimu akawa anawasubiri wao, na wao wakawa wanamsubiri yeye. Hakuna aliyetamka neno, maana kutamka kungekuwa kukosa adabu zaidi.

Mimi sikunaswa. Nina swala ya magharibi, udhuru ambao hata Profesa Huang anauheshimu, na kila jioni niliwaacha pale nikiwahusudu kwa bidii yao. Kwamba bidii yenyewe haikuwepo, nimekuja kujua baadaye. Mwalimu alikuwa akisahihisha upya mazoezi aliyokwisha kuyasahihisha. Alipanga kamusi rafuni kwa urefu, kisha akazipanga kwa rangi. Chacha aliandika kwa kishindo kikubwa, na ikaja kujulikana kwamba alikuwa akibishana na rafiki zake wa Tarime habari za mpira. Dainess alijaribu kuandika tasnifu, lakini nani anaweza kufungua kazi yake binafsi mbele ya mkubwa anayehangaika na kazi ya idara? Aliifunga, akafungua mazoezi.

Mwalimu, akiona vijana walivyoipenda kazi, aliona haya kuwaacha na njaa, akawa anawaagizia chakula. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Nani wa kwetu anakula chakula cha mtu, akanawa, akachukua begi akaondoka? Walikula, wakashukuru, wakaketi tena. Aliyekuwa akiwaokoa ni mlinzi wa jengo, mzee tunayemwita kwa heshima Liang shifu. Alikuwa amejifunza neno moja tu la Kiswahili, na alipanda nalo ngazi akizima taa ghorofa baada ya ghorofa: “Kesho! Kesho! Kesho!”

Taa zile zilionekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Mwisho wa muhula tukatunukiwa bendera nyekundu yenye maandishi ya dhahabu, ya sehemu yenye juhudi kuliko zote, ikatundikwa juu ya mashine ya maji. Na kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika kwamba watu hawa wana nguvu za kubaki, tukaongezewa kazi. Ikaja kamusi ya biashara, yakaja manukuu ya filamu, ikaja tovuti. Kazi isiyokuwepo ikazaa kazi iliyokuwepo, na saa kumi na mbili za kanuni zikabaki kwenye kanuni.

Mpaka ikafika siku moja ya Machi, msimu ule kuta zinapotoka jasho na soksi hazikauki. Hapa chuoni, baada ya chakula cha mchana, kila mtu analala. Vitanda vya kukunja hutolewa chini ya meza, mapazia hufungwa, na anayepiga simu ofisini wakati huo huonekana hakulelewa na wazazi wake. Mwalimu alitoka kwenda kuchota maji ya moto, akamkuta Dainess kwenye ngazi za dharura. Alikuwa amekalia gazeti, kompyuta magotini, anaandika kama mtu anayekimbizwa.

Mwalimu alimuuliza mbona halali. Dainess aliruka, akaanza kwa shikamoo na samahani, kisha akaeleza kwamba huo ndio muda pekee anaoupata kwa ajili ya tasnifu. Mwalimu akashangaa. Na jioni zote zile je?

Dainess alitazama viatu vyake. “Jioni nakuwa nakusubiri Mwalimu uondoke.”

Mwalimu Leokadia aliketi ngazini, bila gazeti, na ngazi zilikuwa zimelowa. “Mwanangu,” alisema, “mimi nakusubiri wewe.”

Kisha akacheka. Dainess yeye akalia, maana alihesabu kwa haraka sura ambazo zingekuwa zimekwisha kuandikwa. Walikaa pale, mmoja akicheka na mwingine akilia, na baada ya muda wakabadilishana.

Kicheko cha Mwalimu hakikuumbwa kwa ajili ya ngazi za dharura. Kilipanda, kikashuka, kikafungua milango. Profesa Huang akatokea na blanketi begani, nywele zimesimama upande mmoja. Kumwamsha mkuu wa idara katika usingizi wa mchana ni kosa lisilo na adhabu iliyoandikwa, kwa kuwa halijawahi kutendeka. Alipoelezwa, alilishusha blanketi. Profesa wetu alisomea Kiswahili Dar es Salaam zama za ujana wake na hukizungumza kwa usanifu kuliko sisi sote. “Kumbe,” alisema. “Mimi pia nilikuwa ninawasubiri ninyi.” Mkuu wa idara, alifafanua, hawezi kuonekana akienda nyumbani ilhali sehemu iliyotunukiwa bendera ingali inafanya kazi. Mke wake alikuwa ameacha kumwekea chakula.

Ikabidi mtu mmoja akose adabu kwa niaba ya wote, na Mwalimu akasema atakuwa yeye. Ataondoka wa kwanza, kila siku, saa kumi na moja na nusu. Msilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mhaya wa rika lake kuwaacha wageni wameketi na kushika mlango ni sawa na mimi Mpemba kukaribisha mtu bila kumpa chai. Alilala vibaya usiku ule, aliniambia.

Siku ya kwanza aliondoka akitangaza kila hatua kama mtu wa redio: sasa nazima kompyuta, sasa nachukua mkoba, haya jamani kwaherini. Alipofika kwenye lifti akakumbuka mwavuli. Aliporudi aliwakuta wote wamesimama na mabegi mgongoni, na Auma, msaidizi kutoka Kisumu, anawahimiza wenzake: “Wasee, tuishie, madam ameenda!” Walipomwona waliketi kwa pamoja, kompyuta zikafunguliwa, na Chacha akaanza kuandika kwa kishindo. Jioni ile nayo ikapotea.

Tangu siku hiyo hakurudi tena kwa kitu chochote. Akishatoka, ametoka. Aliacha miwani, akaenda nyumbani akipapasa. Aliacha simu, na ndugu zake Bukoba wakadhani ameolewa. Mvua za Aprili zilipofika, zile za hapa zinazoteremka kama zimelipwa kwa ndoo, nilimkuta kwenye mlango wa metro amelowa chapachapa, viatu mkononi, na mwavuli wake uko ghorofani umetundikwa vizuri. Nilimuuliza kwa nini asirudi kuuchukua, ni dakika chache tu. Akanijibu kwamba akionekana mlangoni, Dainess ataifunga tasnifu na kufungua mazoezi. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo siku ya bendera. Nilimpa mwavuli wangu, na nataka hilo lirekodiwe. Nataka pia niliseme waziwazi lile ambalo utani huwa unatuzuia kulisema: katika miaka yangu yote kwenye idara hii sijampenda mtu kama nilivyompenda Mwalimu Leokadia pale mvuani.

Kuondoka mapema, hata hivyo, kulitatua nusu tu. Kazi zenyewe zilikuwa bado zinamiminika, na vijana wetu hawakujua kukataa. Kwetu hatufundishwi kukataa. Tunafundishwa kusema nitajaribu, halafu tunajificha. Mwalimu akawaambia kwamba heshima si utumwa, na Jumamosi moja asubuhi akawapeleka Shahe kwa masomo ya vitendo, kwa sababu hakuna mahali katika Guangzhou yote watu wanapokataa vizuri kama pale. Muuza jumla wa Shahe hukataa bei huku anakula tambi, anafunga mzigo kwa selotepu na kumvisha mtoto viatu, na wala humchukii. “Bu xing,” anasema, haiwezekani, kisha anakuuliza kama umeshakula. Mwalimu akawataka watazame kwa makini. Hakuna hasira. Hakuna maelezo marefu. Hakuna kusingizia misiba.

Walizunguka, wakatazama, wakajaribu. Chacha, Mkurya ambaye watu wake wanasifika kwa kutomung'unya maneno, alirudi na dazeni tatu za suruali za watoto. Hana mtoto. Ilibidi Emmanueli aje kuzichukua, na safari hii aliyezinguliwa kwenye bei hakuwa Emmanueli.

Wakati huo huo Mwalimu alikuwa anakwenda kwa Profesa Huang kila wiki, na kila wiki alitoka na kitu kidogo. Alitoka na makubaliano kwamba kazi ikiwekwa kundini itaje jina la mtu mmoja. Alitoka na makubaliano kwamba tovuti isubiri. Alitoka na ahadi kwamba saa kumi na mbili zikiisha, zimeisha. Profesa alikubali yote kwa dhati, lakini mazoea yana taabu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili Dainess awasilishe rasimu, Profesa aliandika kundini asubuhi kwamba kuna hotuba ya wageni ya kutafsiriwa, ni ya haraka, na jina alilotaja ni la Dainess. Alimtaja kwa sababu Dainess ndiye bora wetu, na ndivyo inavyokuwa siku zote: anayebeba vizuri ndiye anayeongezewa mzigo. Sote tuliuona ujumbe. Dainess aliishika simu kwa mikono miwili. Akaandika shoudao, akaifuta. Akaiandika tena. Akamtazama Mwalimu Leokadia.

Mwalimu angeweza kumjibia. Alikuwa akiwajibia tangu Machi, na maneno alikuwa nayo. Badala yake alichukua boksi la chai akaanza kulisoma, pande zote, hata chini.

Hatimaye Dainess aliandika: “Shikamoo Profesa. Nashukuru kwa kunikumbuka. Hapana, sitaweza. Naandika tasnifu yangu.”

Kundi likanyamaza. Ni kundi ambalo halijawahi kunyamaza hata sikukuu ya Mwaka Mpya, na sasa lilikuwa kimya, na katika chumba chetu ilisikika mashine ya maji peke yake. Kumwambia profesa hapana mbele ya idara nzima, tena mwanafunzi wa ufadhili, ni jambo ambalo hapa linaweza kumgharimu mtu. Ndipo Chacha, kwa ujasiri au kwa mazoea tu, mpaka leo hataki kusema, akajibu: shoudao. Auma akafuata: shoudao. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wasaidizi wote, na mimi nikatia langu. Wa mwisho kabisa akawa Profesa Huang. Shoudao.

Dainess aliilaza simu kifudifudi, akafungua sura ya nne. Hotuba Profesa aliitafsiri mwenyewe, na wageni walipiga makofi mahali ambapo hata yeye hakutarajia.

Rasimu iliwasilishwa Mei. Tasnifu ilitetewa Desemba, na Njombe wakafuatilia kwa video kutoka ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wa kamati alipoinuka tu kutaka kusoma matokeo, kwaya nzima ikaanza kuimba, sauti ya pili ikiwa juu kuliko zote, na kamati ikaona si vizuri kuwakatisha. Matokeo yalisomwa baada ya ubeti wa nne. Mwalimu Leokadia alikuwa amekaa safu ya nyuma. Nilimtazama nikidhani atacheka, na nilikuwa nimekosea.

Kuanzia Septemba, Dk. Dainess Mligo ndiye atakayesimamia wasaidizi. Mwalimu anarudi Kamachumu, ambako amejenga nyumba yenye baraza pana na, anavyodai, hatafundisha mtu yeyote kitu chochote. Tunampa mwezi mmoja.

Hiyo Septemba watakuja wasaidizi wapya. Hawatamkuta, na pengine jina lake hawatalisikia. Ikifika saa kumi na moja na nusu watazima kompyuta, wataagana, watateremka ngazi jua likiwa bado linaonekana kati ya majengo, wakaandike tasnifu zao, wakapike, wakapige simu kwao. Watadhani ndivyo chuo kilivyokuwa tangu msingi wake. Hakuna hata mmoja atakayeshukuru, kwa kuwa hatajua kwamba kuna aliyempa. Mimi naona hiyo ndiyo kazi iliyofanywa vizuri.

Kwa hiyo tunashukuru sisi, tunaojua. Mwalimu Leokadia, ahsante kwa salamu ulizotufundisha na kwa hapana uliyotufundisha. Mungu akufikishe salama, akupe afya. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeturudishia jioni zetu, tunakuombea jioni nyingi, ndefu, zisizosubiriwa na mtu, za kwako mwenyewe.